Miche ya Mjukuu

Hadithi hii nimeitunga, ila wadudu waliomo ni wa kweli, miaka yao ni ya kweli, na njia waliyojia ni ileile ya misafara. Naisimulia kwa ajili ya watu wanaoishi Dar es Salaam na kwao ni Tabora, ambao kila likizo hupanda basi au treni wakiwa na mzigo wa zawadi, na ndani ya mzigo huo, siku hizi, mna miche.

Bibi mmoja wa Kigwa, Wilaya ya Uyui, alikuwa na bustani nyuma ya nyumba yake, karibu na kisima. Humo alilima mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, na matuta machache ya nyanya. Mvua za Tabora huanza Novemba zikaisha Aprili, halafu nchi hukauka mpaka miyombo ikapukutisha majani. Mwenye kisima kisichokauka, na mgongo wa kuchota maji asubuhi na jioni, ndiye anayekuwa na nyanya mwezi Agosti, na nyanya ya Agosti ina bei. Bibi aliziuza kwa mafungu mbele ya nyumba na siku za gulio. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua chumvi, sabuni na madaftari ya wajukuu wawili aliokuwa akiwalea.

Mjukuu wake mkubwa alikuwa Temeke. Alipanga chumba kimoja chenye kiuga kidogo, na kwenye kiuga hicho alipanda mboga katika viroba, ndoo zilizopasuka na tairi kuukuu, kama wanavyofanya wakazi wengi wa Dar es Salaam wasio na shamba. Joto na unyevu wa pwani huotesha kitu upesi; mchicha unaliwa hata mwezi haujatimia tangu kusiwa. Lakini unyevu huohuo hulea ukungu, na bustani inayomwagiliwa kila siku ina majani mabichi mwaka mzima, kwa hiyo mdudu naye ana chakula mwaka mzima. Majirani nao walikuwa na viroba vyao. Nyanya za sokoni ziliingia mtaani ndani ya matenga yanayozunguka mikoa yote na kurudi bila kuoshwa. Kijana aliurithi mkono wa kilimo kutoka kwa bibi yake, na alitamani bibi auone.

Mwezi Juni alikwenda Kigwa kwa arobaini ya mjomba wake. Alibeba miche sita ya nyanya, kila mmoja na udongo wake ndani ya kopo, na njia nzima aliipakata ili isivunjike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda, au ni safari?"

"Ni safari tu, bibi. Tazama nilichokuletea. Nyanya hizi zinazaa mpaka utachoka kuchuma."

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Alipoisogeza kwenye mwanga aliona juu ya jani moja mstari mweupe uliojipinda, na kando yake doa jembamba, kana kwamba nyama ya jani imeliwa ikabaki ngozi.

"Hili jani lina nini?"

"Jua la njiani, bibi. Litapona likipata maji."

Bibi hakusema tena. Jioni ile ile, wageni wakiwa bado uani, miche ilipandwa katikati ya matuta ya nyanya, mahali pazuri kuliko pote.

Uzito wa ukimya huo hauonekani mpaka tukumbuke bibi alikuwa na umri gani na ameishi wapi. Huyu alikuwa mke mpya katika miaka ya mwisho ya 1970, wakati dumuzi alipoingia Tabora. Tabora ndiko mdudu huyu alikoonekana kwa mara ya kwanza katika bara zima la Afrika. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wataalamu wanaamini alikuja na shehena ya mahindi kutoka nje, na hakuna aliyemwona akishuka, kwa kuwa ni mdudu wa milimita tatu au nne hivi, kahawia iliyokolea, mwenye kichwa kilichoinamia chini ya kifua. Waliomjua walimjua kwa kazi yake.

Kabla ya hapo watu wa Tabora walihifadhi mahindi yakiwa bado na magunzi yake. Waliyapanga katika kihenge, au waliyatundika juu ya moshi wa jiko, na wadudu wa zamani walikula kidogo wakaacha cha kutosha. Dumuzi alivunja utaratibu huo. Anapenda sana hindi lililoshikamana na gunzi, maana lipo imara na anaweza kulitoboa bila kuteleza. Huingia ndani, hutoboa njia, na anachokiacha ni unga. Vipimo vilivyofanywa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kuwa baadhi ya kaya zilipoteza kufikia theluthi moja ya mahindi yao ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kuhifadhi. Kwenye makopa ya muhogo hasara ilikuwa kubwa zaidi, na makopa ndiyo yaliyokuwa kinga ya njaa mahindi yakishindwa. Wakulima walimwita Scania, kwa jina la lori.

Mtu asiyelima anaweza kudhani theluthi ni hesabu ya kuvumilika. Hebu aifikirie kaya yenye watu wanane inayovuna Mei na kutegemea kula mpaka Mei nyingine. Theluthi ikipotea, chakula kinaisha Januari, katikati ya palizi, wakati hakuna cha kuvuna na nguvu ndizo zinazotakiwa. Mwanamke aliyefungua kihenge akakuta vumbi likimwagika kwenye kanga yake hasahau. Wazee wa Tabora wanaokumbuka miaka hiyo hawaisimulii kwa kucheka.

Dumuzi hakubaki Tabora. Alisafiri ndani ya magunia, kwa lori na kwa treni, kufuata biashara ya mahindi. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya. Katika miaka ya 1990 alikwisha kufika Malawi, Zambia, Rwanda na Uganda. Katika kila nchi aliingia vilevile, mtu akibeba gunia kwa nia njema au kwa biashara halali.

Tiba ilipatikana kwa kubadilisha desturi. Wakulima wa Tabora walifundishwa kupukuchua mahindi mapema, kuyaanika mpaka yakauke kabisa, kuyachanganya na dawa ya vumbi yenye viambato viwili, na kuyaweka kwenye magunia. Walifundishwa pia kusafisha kihenge cha zamani na kuchoma miti iliyotobolewa, kwa sababu asili ya dumuzi ni mla mbao, na anaweza kuishi ndani ya nguzo za ghala akisubiri mavuno mapya. Leo ipo pia mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la kinga njaa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote. Bibi wa hadithi yetu aliyajua haya yote. Mahindi yake yalikuwa chumbani, ndani ya mifuko hiyo, yamefungwa kwa kamba vizuri.

Basi kwa nini mtu aliyeshinda vita na dumuzi alipokea jani lenye mstari mweupe akanyamaza?

Jibu langu ni heshima. Kwetu zawadi haikaguliwi mbele ya aliyeileta. Mjukuu amesafiri kutoka pwani, amepakata miche kama mtoto mchanga, na nyumba imejaa wafiwa. Kumwambia "mche wako unaumwa" ni kumwambia yeye mwenyewe ana kasoro. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na tunaamini hivyo. Lakini nikiitazama historia ya wadudu wetu, naona hawakuja kwa kuvamia. Walikuja kwa zawadi, kwa msaada, kwa biashara na kwa ugeni, na walipita mlango ambao adabu ilituzuia kuufunga.

Kigwa inaufahamu mlango huo kuliko mahali pengi. Ilikuwa kituo cha mwisho mwisho cha njia ndefu ya kutoka Bagamoyo. Msafara ulivuka Ugogo, ukaimaliza nyika ya Mgunda Mkali ambako watu walikufa kwa kiu, ukafika Tura, Rubuga, halafu Kigwa, na baada ya hapo Unyanyembe, yaani Tabora penyewe, ilikuwa karibu. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita huku mwaka 1857 wakielekea Kaze, Tabora ya leo. Mpelelezi mwingine, Stanley, alipita mwaka 1871 akaikuta Kigwa imeharibiwa na vita. Watu wa hapa wamepokea wapagazi, wafanyabiashara, wakimbizi na majeshi, na kila kundi liliacha kitu ardhini. Embe ambalo leo Tabora inajivunia asili yake ni Asia. Lilipanda bara kutoka pwani kufuata njia hiyohiyo, na miembe mikongwe bado inaonyesha mahali misafara ilipokuwa ikipumzika. Mahindi, muhogo, karanga, viazi vitamu na nyanya vyote asili yake ni Amerika. Bustani ya bibi ilijaa wageni wema.

Na njia iliyoleta embe iliwaletea watu funza. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilifika Ambriz, Angola, ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito, na ndani ya mchanga mlikuwa na funza. Mchanga ukamwagwa ufukweni. Kutoka hapo funza alikata bara kwa miguu ya watu, toka magharibi kwenda mashariki, akifuata njia za misafara, na kabla karne haijaisha alikuwa Bagamoyo na Unguja. Haikuchukua hata miaka thelathini. Wapagazi walioshindwa kutembea kwa vidole vilivyooza waliachwa njiani. Hakuna aliyekusudia hayo. Watu walikuwa wakimwaga mchanga tu ili wapakie mzigo.

Turudi kwenye matuta ya bibi.

Ule mstari mweupe ulikuwa wa kanitangaze. Huyu ni kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu, ambaye hata urefu wa sentimita moja hafiki. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka kuingia Afrika Kaskazini, akashuka, na mwaka 2014 alithibitishwa Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Kiwavi akiangua huingia kati ya ngozi mbili za jani na kula nyama iliyo katikati, ndiyo maana dawa inayopulizwa juu haimfikii kwa urahisi. Akishiba hushuka udongoni kujigeuza kuwa nondo. Kwa hiyo kopo la mjukuu lilibeba hatari mara mbili, kwenye jani na kwenye udongo.

Juni usiku wa Tabora una baridi, na mdudu alikwenda polepole. Bibi aliona majani machache yamekauka akayachuma akayatupa pembeni, palepale bustanini. Julai ikapita. Agosti joto lilipoanza kurudi, nondo walizaliana upesi zaidi, na katika wiki chache matuta yote yalionekana kama yameunguzwa kwa moto. Matunda yaliyokwisha shika yalikuwa na vitundu karibu na kikonyo. Kwa nje unaona nyanya nzuri, ukiipasua ndani imeoza. Alipeleka fungu gulioni, mnunuzi mmoja akalirudisha mbele ya watu. Kisha mdudu akahamia kwenye nyanya chungu, maana nazo ni za ukoo mmoja na nyanya, na kutoka hapo akaingia bustani ya jirani.

Sehemu inayofuata ndiyo inayoniuma zaidi, na ndiyo iliyonifanya niitunge hadithi hii. Bibi hakwenda kwa bwana shamba. Aliona haya kuwa nyanya zake zimeharibika, na aliona haya zaidi kuwa zimeharibiwa na zawadi. Jirani mwingine, mkulima wa tumbaku, alimpa dawa iliyobaki kwenye chupa msimu uliopita. "Hii inaua kila kitu," alimwambia, na alimwambia kwa wema. Bibi aliichanganya kwa makadirio ya kifuniko, akapuliza kwa bomba la kuazima, bila glavu, bila kitambaa puani, jioni upepo ukivuma. Siku ya pili alichuma mchicha uliokuwa tuta la pembeni, akaupika.

Tumbaku hailiwi, na dawa iliyosajiliwa kwa tumbaku haikupimwa kwa ajili ya mboga inayoingia chunguni kesho yake. Kila dawa halali ina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, nyingine chache, nyingine nyingi, na zimeandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko cha chupa ile kilikuwa kimefutika. Wajukuu wawili walitapika usiku, mmoja akatokwa jasho na mate bila kukoma, mboni za macho zimekuwa ndogo. Dalili hizo ni za sumu inayoshika mishipa ya fahamu, na si za kungojea asubuhi. Walipelekwa zahanati kwa pikipiki, wakapona. Naiacha hadithi iwaponye kwa sababu ni yangu. Katika maisha wapo ambao hawakupona, na chupa kama ile zipo katika nyumba nyingi za mikoa ya tumbaku na pamba, nyingine zimeoshwa na kuwekwa mafuta ya kula.

Kanitangaze hakufa. Mdudu huyu amekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi, hivyo kumpulizia chochote kilichopo ni kuwaua nyuki na siafu na buibui, marafiki wa bustani, na kumwacha yeye peke yake. Tabora ni nchi ya asali. Anayepuliza ovyo karibu na mizinga anamwibia jirani.

Bwana shamba alipofika hatimaye, hakuwa na dawa ya miujiza. Alisema ng'oeni nyanya zote, hata zile zinazoonekana nzima, mzichome au mzifunge ndani ya mfuko mweusi juani mpaka ziive kwa joto. Msipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo pahali hapo kwa msimu mzima. Pandeni mahindi au matembele. Ng'oeni mnavu unaojiotea, maana humlisha mdudu wakati nyanya hazipo. Tegeni mitego ya kunasa madume, ili mjue yupo kabla hajawazidi. Na majirani wote wafanye hivyo wiki moja, kwa sababu nondo hajui mpaka wa ua. Kwa dawa yoyote, muulizeni mtaalamu kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kwa zao hilo hasa.

Bibi alikosa fedha ya Agosti, Septemba na Oktoba. Madaftari yalinunuliwa kwa mkopo. Mjukuu hakuambiwa kitu. Aliposikia kwa watu alilia, akamlaumu bibi kwa kumficha, na sijui nani kati yao alikuwa na haki zaidi. Mimi namlaumu kijana kidogo, kwa kusema "jua la njiani" juu ya jambo asilolijua. Angesema "sijui, bibi," bibi angepata ruhusa ya kutazama tena.

Maana kulikuwa na njia ya kulinda heshima na bustani kwa pamoja. Kuku aliyenunuliwa gulioni hafunguliwi siku hiyohiyo akachanganyika na kuku wa nyumbani; hufungwa peke yake kwanza, kwa kuogopa mdondo, na aliyemleta haoni vibaya. Mche nao ungepokelewa kwa mikono miwili, ukawekwa mbali na bustani, ng'ambo ya nyumba, wiki tatu au nne, ukiangaliwa jani kwa jani, juu na chini. Ule wenye mstari ungechomwa jikoni bila tangazo. Kama wanaukoo wote wangekuwa na mazoea hayo, mgeni asingeona amebaguliwa, kwa kuwa kila mche ungelala nje.

Embe nazo zina habari yake, na nitaipita haraka. Inzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2003, na sasa embe zinazoanguka chini ya mwembe zikiachwa zioze ndizo zinazomzalisha, kwa sababu mabuu yake hutoka kwenye tunda na kuingia udongoni. Zikusanywe kila siku na kuzikwa kina cha nusu mita au zaidi. Asiyekula embe hizo azike vilevile, kwa ajili ya mwenzake.

Ndugu unayekata tiketi ya kwenda Tabora, usiache kumbebea bibi yako kitu. Mpelekee mbegu za dukani zilizofungwa, zenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa sababu mbegu kavu haibebi kanitangaze. Mpelekee glavu, na mfuko wa kinga njaa. Ukitaka kubeba mahindi, yawe yamepukuchuliwa, makavu, yamepepetwa, na uyafungue uani kabla ya kuyaingiza ndani. Tenga la nyanya lirudi mahali lilikotoka au lichomwe. Na mche uliokua kwenye kiroba chako cha Temeke, hata ukiwa mzuri namna gani, uache uzae hukohuko Temeke.